Injini iliyoshinda ubaoni ikafungwa na saa: kisa cha mchezo mmoja wa polepole Uyole

Kwenye hatua ya 52 ya mchezo wa chesi kompyuta ilikuwa na ngome, farasi na askari watatu. Mwalimu, mpinzani wake, alibaki na ngome na askari wawili, na mfalme wake alikuwa amebanwa pembeni. Kila aliyezunguka ile meza alijua mchezo umekwisha. Ukaisha kweli, ila upande mwingine: saa ya mezani iliandika sufuri kwenye upande wa kompyuta, yaani imeishiwa muda na imeshindwa, wakati kioo cha kompyuta yenyewe kilionyesha kuwa bado ina dakika 11 na sekunde 16.

"Mwalimu, hapa bado ina muda," alisema kijana aliyekuwa akiiendesha.

"Hapa wapi? Mimi nacheza na saa iliyo mezani, mdogo wangu."

Ubishi ulichukua muda mrefu kuliko chai. Wengine walisema programu ni mbovu. Wengine walisema kompyuta ni kuukuu, ina kori mbili na RAM ya GB 4, kwa hiyo imechelewa kufikiri. Wapo waliosema ni umeme, kwa sababu ulikatika katikati ya mchezo. Nilikuwa nasimamia mchezo huo, na karatasi za kumbukumbu nilibaki nazo mimi, kwa hiyo uchambuzi huu unatokana na karatasi hizo pamoja na faili la mchezo lililohifadhiwa na programu.

Kwanza hali ilivyokuwa. Kikundi chetu cha chesi hukutana Jumamosi hapa Uyole, Mbeya, na wengi wetu tumelelewa na simu: michezo ya dakika tatu au tano, ndani ya daladala au kwenye foleni. Mashindano ya kawaida ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ni kitu kingine. Ili mchezo uhesabiwe kuwa wa polepole, kila mchezaji apate angalau dakika 60, ukijumlisha nyongeza, yaani sekunde anazoongezewa kila akicheza, kwa hesabu ya hatua 60. Sisi tulichagua dakika 90 kwa kila upande na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua tangu hatua ya kwanza. Kwa hatua 60 hiyo ni saa mbili kwa kila mmoja, yaani mkianza saa tatu asubuhi mnaweza kuinuka saa saba mchana. Lengo halikuwa kumpiga mtu. Mwalimu alikuwa anajiandaa kwenda kucheza mashindano, na alichotaka ni kuzoea kukaa kwenye kiti muda wote huo bila kuharakisha.

Mpinzani alikuwa Stockfish, injini (programu ya kucheza chesi) ya bure ambayo ikiachiwa nguvu zote hakuna binadamu anayeiweza. Ikaachiwa kidogo tu: kiwango kikawekwa 1800 kwa Elo, kile kipimo cha nguvu za wachezaji, karibu na cha Mwalimu. Mchezo ulichezwa kwenye ubao wa kweli, na saa ya kidijitali katikati. Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, alikaa upande wa kompyuta akihamisha hatua kutoka ubaoni kwenda kwenye kioo na kurudi. Kwenye programu aliandika kilekile kilichokuwa kwenye saa ya mezani: dakika 90, nyongeza sekunde 30. Nani angeandika kingine?

Tuanze na zile sababu zilizotajwa kwenye ubishi, maana mbili kati yake ni imani zilizoenea sana.

Kompyuta kuukuu haipotezi muda zaidi. Inaona karibu zaidi, basi. Injini hutafuta kwa mizunguko: inaangalia kina (hatua ngapi mbele) cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kila mzunguko ukiisha inakuwa na hatua ya kucheza mkononi. Inapopokea zamu huambiwa imebakiwa na muda gani na nyongeza ni kiasi gani, inajipangia mgao wa hatua hiyo, na mgao ukiisha inajibu. Kwenye kompyuta ya kasi itafika kina cha 30, kwenye hii yetu labda 22. Sekunde zitakazotumika ni zilezile.

Umeme nao ulikatika kweli, kwenye hatua ya 24, na kompyuta ikahamia kwenye betri. Ikiwa kwenye betri huwa inapunguza kasi, na kwenye faili unaona kina kikishuka kuanzia hapo. Muda kwa kila hatua haukubadilika. Betri ilileta tatizo jingine dogo, nitalifikia.

Kilichobaki ni kulinganisha safu mbili. Kijana alikuwa na tabia nzuri ya kuandika, pembeni ya kila hatua ya kumi, muda uliobaki kwenye saa ya mezani. Programu nayo ilikuwa inaandika muda wake kila hatua. Ukitoa moja kwa nyingine, kwenye hatua ya 10 tofauti ilikuwa dakika 1 na sekunde 40. Hatua ya 20, dakika 3 na sekunde 45. Hatua ya 30, dakika 5 na sekunde 55. Hatua ya 40, dakika 8 na sekunde 50. Alipobonyeza saa baada ya hatua ya 51, mezani zilibaki sekunde 40, kwenye kioo dakika 11 na sekunde 50. Tofauti: dakika 11 na sekunde 10.

Tofauti hiyo haikuruka ghafla mahali popote. Imepanda kidogo kidogo, sekunde 10 mpaka 13 kwa hatua, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna hitilafu ya programu inayotembea kwa utulivu namna hiyo. Hiyo ni mikono ya mtu.

Nilimwangalia kijana akifanya kazi, na ukweli ni kwamba hakuwa mvivu. Mwalimu akishabonyeza saa, upande wa kompyuta unaanza kuhesabu hapohapo. Lakini programu haijui. Kwa programu bado ni zamu ya Mwalimu, mpaka hatua yake iingizwe. Kijana anaandika hatua kwenye karatasi, kisha anaburuta kete kwenye kioo kwa kidole. Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai ya Uyole asubuhi anaijua mwenyewe aliyeilalia. Vidole vimekufa ganzi, ile sehemu ya kugusa ya kompyuta haivisikii, askari anadondokea mraba usio wake, anarudishwa, anaburutwa tena. Ndipo injini inaanza kufikiri, na ndipo saa ya kioo inaanza kuhesabu. Injini ikijibu, kijana mara nyingine alikuwa anatazama ubao wa jirani. Programu ilikuwa imezimwa sauti. Anashtuka, anasoma hatua, anasogeza kete ubaoni, anabonyeza saa, anaandika. Kwenye kioo, injini ilishamaliza zamu yake zamani na imeshaongezewa sekunde zake 30.

Kwa hiyo kila hatua ina vipande viwili vya muda ambavyo saa ya mezani inavikata na saa ya kioo haivioni: kabla ya injini kufikiri, na baada. Ni kama dereva wa daladala ya Uyole hadi Mwanjelwa kupewa ratiba inayohesabu mwendo tu, vituo havimo.

Kuna kipande kimoja tu kisichoingia kwenye wastani huo. Kati ya hatua ya 30 na 40 tofauti iliongezeka dakika 2 na sekunde 55, zaidi ya kawaida. Hapo Mwalimu alifikiri hatua moja kwa karibu robo saa, ambayo ni haki yake na ndiyo raha ya mchezo wa polepole. Kompyuta, ikiwa kwenye betri na haijaguswa, ikalala. Kuiamsha na kuandika neno la siri kulikula kama sekunde 45. Ukiziondoa hizo, wastani wa mchezo mzima ni sekunde 12 na kidogo kwa hatua.

Inaonekana ndogo. Kwenye mchezo wa polepole wenye nyongeza, sekunde 12 kati ya 30 ni zaidi ya theluthi moja ya nyongeza yote. Injini ilikuwa inagawa utajiri isiokuwa nao. Na kadiri mchezo unavyorefuka ndivyo deni linavyokua, huku akiba ya kweli ikipungua, mpaka yanakutana. Yalikutana kwenye hatua ya 52: kijana alitumia kama sekunde 6 kuingiza hatua, injini ikafikiri sekunde 34 kwa utulivu kabisa, ikijua ina dakika 11 mfukoni.

Stockfish ina kipimo cha kufidia ucheleweshaji, kinachoiambia itenge muda kidogo kwa kila hatua kwa ajili ya mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Kawaida huja kikiwa milisekunde 10, na mwisho wake ni milisekunde 5,000, yaani sekunde tano. Kiliwekwa kwa ajili ya ucheleweshaji wa mtandao na wa programu, wala hakikufikiria vidole vya Julai. Ukikipandisha mpaka mwisho bado unadaiwa sekunde saba.

Dawa ni rahisi kuliko hiyo: idanganye injini kuhusu nyongeza. Saa ya mezani ibaki 90 na 30. Kwenye kioo andika nyongeza ya sekunde 15, na muda wa msingi dakika 85. Zile sekunde 15 zilizokatwa kila hatua ndizo za mikono, zikizidi kidogo wastani tulioupima. Zile dakika tano ni za kompyuta kulala, kete kuanguka, mtu kumwaga chai. Sasa saa ya kioo itatangulia ile ya mezani kuishiwa, na hilo ndilo unalotaka: injini ijione maskini kidogo kuliko ilivyo.

Walioipenda injini wakauliza, si unaipunguzia nguvu? Kwa hatua 60 umeinyang'anya dakika 20 kati ya 120, moja ya sita. Hapa lazima ujue jinsi muda unavyogeuka kuwa nguvu kwenye injini hizi. Haupandi kwa kujumlisha, unapanda kwa kuzidisha: ili kuona kina kimoja au viwili zaidi inabidi uongeze muda maradufu, na kila maradufu inayofuata inaleta faida ndogo kuliko iliyotangulia. Kupunguza moja ya sita ni kama robo tu ya hatua moja ya maradufu. Mchezaji wa kiwango chetu hataiona hata akiitafuta kwa tochi.

Mpaka hapa ningeweza kusema kisa kimekwisha. Lakini kina kichekesho ndani yake, na ndicho kilichonifanya nikae kukiandika.

Ile injini ilikuwa imepunguzwa uwezo. Stockfish ikipunguzwa hivyo, haichezi vibaya kwa kufikiri kidogo. Inafikiri kama kawaida, ila uchaguzi wa hatua ya kucheza inaufanya mapema, kwenye kina kidogo kinacholingana na kiwango ulichoiwekea, kwa kuchagua kati ya hatua nzuri kadhaa na kutia bahati nasibu. Kina hicho hata kompyuta yetu kuukuu inakifikia chini ya sekunde moja. Muda unaobaki wa mgao injini inaendelea kutafuta, namba zinapanda kwenye kioo, feni inalia, na hatua itakayochezwa haibadiliki. Sekunde 34 zile za mwisho zilizoifungisha hazikuwa na kazi yoyote. Jibu lilikuwepo tangu ya kwanza.

Maana yake mgao wa dakika 90 na nyongeza haukuwa na faida kwa injini ya namna hii. Kwa nini basi tusiiache ijibu papo hapo? Kwa sababu ya Mwalimu. Mtu akichezewa kwa sekunde moja, naye anaanza kucheza kwa sekunde kumi. Anaona aibu kukaa. Nimeliona hilo kwa karibu wote waliojaribu: wanaanza na nia ya mchezo wa saa nne, baada ya saa moja wamemaliza na wamefungwa. Subira ya mpinzani ni sehemu ya mazoezi, hata kama mpinzani anajifanya tu kufikiri.

Kwa injini iliyopunguzwa, kwa hiyo, naona kinachofaa ni muda maalumu kwa kila hatua, na saa ya kioo iwekwe kando kabisa. Mpe sekunde 60. Ongeza 13 za mikono, inakuwa 73. Nyongeza inarudisha 30, kwa hiyo kila hatua inakula sekunde 43 za akiba. Dakika 90 ni sekunde 5,400. Gawanya kwa 43, unapata hatua 125. Hakuna mchezo wetu uliowahi kukaribia huko. Injini haiwezi kuishiwa muda, kijana hana haja ya hesabu yoyote, na Mwalimu anapata mpinzani anayetulia.

Kwa injini yenye nguvu zote ushauri unageuka. Hapo muda maalumu kwa kila hatua ni upotevu: itakaa dakika nzima kulipiza kete iliyoliwa, jambo lisilo na mbadala, halafu itakosa dakika ya pili pale mchezo unapoamuliwa. Kufunga kina ndiko kubaya zaidi. Kina cha 20 malkia wakiwa ubaoni na kete zote zimesongamana kinaweza kuchukua muda mrefu. Wakibaki wafalme na askari kinafika kabla hujaweka kikombe mezani. Mpe saa nzima ya mchezo, ile 85 na 15, aigawe mwenyewe. Na umwongezee kumbukumbu. Stockfish huja ikiwa na jedwali la MB 16, nafasi ya kuhifadhi kama milioni moja na nusu ya mikao. Ikifikiri dakika mbili jedwali hilo limeandikwa na kufutwa mara nyingi. MB 512 zinatosha kwenye kompyuta ya GB 4 bila kuikaba.

Kufikiri kwenye zamu ya mpinzani tumekuzima kwa injini zote. Kunakula betri, na hapa kwetu betri ndiyo jenereta yetu. Zaidi ya hapo, Stockfish ikijua inaruhusiwa kufanya hivyo hujiongezea robo ya mgao wa kila hatua, ikitegemea kurudishiwa muda huo pale itakapobahatisha hatua ya mpinzani. Binadamu wa kiwango chetu habahatishiki kirahisi.

Vitu vingine ni vya dakika mbili kabla ya kuanza: kompyuta isilale kamwe, iwe kwenye betri au kwenye umeme, sauti iwashwe ili injini ikijibu isikike, mausi ichukue nafasi ya kidole. Na mwendeshaji asiandike. Kanuni inamtaka mchezaji aandike hatua zote mpaka mwisho pale nyongeza inapokuwa sekunde 30 au zaidi, lakini programu inaandika kila kitu yenyewe, na kwenye mchezo wa mazoezi hakuna haja ya kijana mmoja kufanya kazi nne. Aandike muda wa saa ya mezani tu, kila hatua kumi, kama alivyofanya. Bila ile safu yake tungekuwa bado tunabishana kuhusu umeme.

Asijilaumu pia. Mei 1997, New York, IBM walipomleta Deep Blue kumkabili Garry Kasparov, kompyuta yenye uzito wa zaidi ya tani moja ilihitaji binadamu akae kitini, asogeze kete na kubonyeza saa. Huko kila upande ulikuwa na saa mbili kwa hatua 40 za kwanza, bila nyongeza, na sekunde za mwendeshaji nazo zilitoka humohumo.

Nikiwa kwenye mambo ya namba, kijana mwingine aliposikia haya yote aliamua kupambanisha injini mbili usiku kucha kwa programu ya Cute Chess, akaandika 40/90 akimaanisha hatua 40 kwa dakika 90. Asubuhi alikuta michezo imejaa faili, yote ya ovyo. Programu ile ikikuta namba tupu inaisoma kuwa sekunde. Dakika zinaandikwa 40/90:00. Ukizungumza na injini moja kwa moja ni milisekunde, na dakika 90 zinakuwa 5,400,000. Kabla ya kuondoka, subiri hatua tatu uone zinachukua muda gani.

Kuhusu matokeo, nilimpa Mwalimu ushindi. Saa ya mezani ndiyo saa ya mchezo, muda wa kompyuta uliisha, na yeye alikuwa na kete za kutosha kumfunga mfalme. Angebaki na mfalme mtupu ningeandika sare.

Ambacho hatukukubaliana ni kama kijana angeruhusiwa kubonyeza kile kitufe cha kuilazimisha injini icheze hapohapo alipoona mezani zimebaki sekunde chache. Mwalimu anasema huo ni msaada kutoka nje. Mimi naona anayeharakisha mkono hajashauri hatua, na kwa injini iliyopunguzwa hatua ingekuwa ileile. Kwa sasa tumeandika kwamba kitufe kinaruhusiwa, na kwamba saa ya kioo inaweza kusahihishwa ifanane na ya mezani baada ya hatua ya 20 na ya 40, ikiwa ni zamu ya kompyuta na mpinzani ametazama namba zikiandikwa. Mwalimu ametia saini, ila ametaka iandikwe kwamba ule wa Julai haurudiwi.